Mnyama wa Tendaguru Asiye na Kichwa

Katika jumba la makumbusho ya elimu ya viumbe mjini Berlin, nchi ya Ujerumani, imesimamishwa mifupa ya mnyama ambaye asili yake si Ulaya bali ni nchi ya Lindi, kusini ya Tanzania. Urefu wake tangu pua hata ncha ya mkia ni kiasi cha mita 6, na nyonga zake zimeinuka karibu mita 1 na nusu kutoka chini. Amesimama kwa miguu miwili kama mbuni, mikono yake ni mifupi, na mkia wake mrefu umenyoka nyuma. Mtu amtazamaye humdhani kuwa mnyama kamili. Walakini kichwa akionacho mtazamaji si kichwa chenyewe. Kilifanyizwa na mafundi kwa kukisia, maana fuvu la mnyama huyu halijapata kuonekana hata leo.

Jina alilopewa na wataalamu ni Elaphrosaurus bambergi, na katika somo hili ataitwa Elafrosau. Kwa muda wa miaka karibu 100 alihesabiwa miongoni mwa dinosau walao nyama wenye kimo cha kati. Somo hili laeleza jinsi alivyopatikana, mambo yaliyojulikana kwa kuichunguza mifupa yake, na sababu iliyowafanya wataalamu wa siku hizi kuingiwa na shaka juu ya chakula chake.

DINOSAU NI WANYAMA GANI

Dinosau walikuwa jamii kubwa ya wanyama walioishi duniani zamani sana, kabla ya kuwako binadamu. Jina hilo lilitungwa mwaka 1842 na mtaalamu wa Uingereza, Richard Owen, kwa maneno ya Kiyunani yenye maana ya mjusi wa kutisha. Lakini dinosau hawakuwa mijusi. Miguu ya kenge hutanuka kando ya mwili wake, bali miguu ya dinosau ilisimama wima chini ya mwili, kama ilivyo miguu ya ng'ombe au ya kuku. Wengi wao walikula majani. Walao nyama karibu wote walikuwa wa kundi moja, lile lililotembea kwa miguu miwili, nao ndege tuwaonao leo wametokana na kundi hilo.

Elafrosau aliishi katika zama ziitwazo Jurasi, karibu na mwisho wake, yapata miaka milioni 150 iliyopita. Hesabu hiyo ni kubwa mno, na akili ya mtu haiwezi kuishika mara moja. Basi msomaji na afikiri hivi: mtu atoke Lindi kwa miguu kwenda kilima cha Tendaguru, mwendo wa kilomita kama 60, kisha arudi Lindi, na kila hatua yake ihesabiwe kuwa ni miaka 1,000. Atakapokuwa amekaribia kuimaliza safari yake ya kwenda na kurudi ndipo atakapotimiza miaka milioni 150. Na mambo yote ya wanadamu yaliyopata kuandikwa, tangu maandishi yalipovumbuliwa, yataingia katika hatua zake 5 au 6 za kwanza, naye angali yumo mjini.

Wakati huo nchi ya Tendaguru ilikuwa pwani. Bahari iliingia na kutoka mara nyingi katika muda wa miaka mingi, ikaacha mafungu ya mchanga na maji ya chumvi yasiyo na kina. Jambo hilo lajulikana kwa kutazama matabaka ya mawe, kwa kuwa tabaka zenye mifupa ya dinosau zimepakana na tabaka zilizojaa makombe ya baharini. Majani ya kondeni hayakuwapo, wala miti yenye maua. Palikuwa na kangaga na miti ya jamii ya misonobari. Katika nchi hiyo walilisha dinosau wakubwa ajabu, kama yule Jirafatitani ambaye mifupa yake iliyosimamishwa Berlin imepita mita 13 kwenda juu, na Kentrosau aliyekuwa na miiba mirefu mgongoni na mkiani. Kati ya majitu hayo Elafrosau alipita kama swala apitavyo kati ya ndovu.

JINSI ALIVYOPATIKANA

Mwaka 1906, nchi hiyo ilipokuwa bado katika utawala wa Wadachi, Bwana Bernhard Sattler, mhandisi aliyekuwa akitafuta madini, aliona mifupa mikubwa iliyogeuka mawe ikitokeza juu ya ardhi karibu na kilima cha Tendaguru. Alipeleka habari, na mwaka 1907 akaja Profesa Eberhard Fraas kutazama. Yeye alipotoa ushahidi kwamba mifupa ile ni ya dinosau, fedha zilichangwa Ujerumani, na tangu mwaka 1909 hata 1913 ukafanyika msafara mkubwa wa kuchimba. Wakuu wake wa kwanza walikuwa Dakta Werner Janensch na Dakta Edwin Hennig.

Yafaa ikumbukwe kwamba nchi ya kusini siku zile ilikuwa imetoka katika vita vya Maji Maji vya mwaka 1905 hata 1907, na njaa iliyofuata vita hivyo ilikuwa imeua watu wengi. Wachimbaji na wapagazi wa Tendaguru walitoka katika nchi iliyopatwa na msiba huo. Idadi yao iliongezeka mwaka hata mwaka, na mwaka 1912 walifika kiasi cha watu 500. Aliyekuwa msimamizi mkuu wa mafundi wa kuchimba ni Boheti bin Amrani, mtu aliyesifiwa sana na Wadachi wenyewe kwa ustadi wake wa kuutambua mfupa ardhini na kuutoa bila kuuvunja.

Kazi hiyo haikuwa ya nguvu tupu. Mfupa uliogeuka jiwe ni mzito, tena ni mwepesi wa kupasuka. Mchimbaji hufukua kwa jembe mpaka aukaribie, kisha huacha jembe na kushika kisu na brashi. Mfupa ukiisha kuwa wazi hupakwa plasta au udongo ili vipande vyake vishikamane, ndipo ufungwe katika kizimba cha mianzi. Barabara ya gari haikuwapo. Mizigo yote ilichukuliwa vichwani na mabegani mpaka bandari ya Lindi, mwendo wa siku kadhaa, na huko ikapakiwa melini. Katika miaka ile ilitolewa mifupa na mawe yenye uzito wa zaidi ya tani 200. Wahenga walisema, "Ukiona vyaelea, vimeundwa." Vivyo hivyo mifupa isimamayo leo Berlin, ilitangulia kusimama juu ya vichwa vya wapagazi.

Mifupa ya Elafrosau ilikuwa ndani ya mizigo hiyo. Mnyama mmoja tu ndiye aliyepatikana karibu mzima: pingili za shingo, za mgongo na za mkia, nyonga, miguu, na baadhi ya mifupa ya mkono. Fuvu halikuwapo, wala taya. Mwaka 1920 Dakta Janensch aliandika habari zake na kumpa jina. Sehemu ya kwanza ya jina hilo yatokana na neno la Kiyunani lenye maana ya wepesi. Sehemu ya pili ni kumbukumbu ya Paul Bamberg, tajiri aliyeusaidia msafara kwa fedha.

Baada ya vita vikuu vya kwanza Waingereza nao walichimba Tendaguru, tangu mwaka 1924 hata 1931. Katika msafara wao wa kwanza, chini ya Bwana William Cutler, alikuwamo kijana Louis Leakey, aliyezaliwa Kabete katika nchi ya Kenya mwaka 1903, ambaye baadaye alijulikana dunia nzima kwa kuvumbua mabaki ya watu wa kale. Bwana Cutler alikufa kwa malaria huko Lindi mwaka 1925. Fuvu la Elafrosau halikupatikana na Waingereza pia.

USHAHIDI WA MIGUU

Mtaalamu wa mifupa ya kale hufanya kazi kama hakimu ambaye shahidi wake ni bubu. Mfupa hausemi, lakini una urefu, una unene, una alama za mahali misuli iliposhikamana, na mambo hayo hayadanganyi.

Msomaji aweza kujaribu mwenyewe. Na apime paja lake, kisha apime muundi wake, yaani mfupa wa kati ya goti na kifundo. Ataona kwamba mfupa wa paja ni mrefu kuliko ule wa muundi. Kisha na amtazame swala au mbuni: paja lake ni fupi, na sehemu za chini za mguu ni ndefu. Mnyama wa namna hiyo hubeba misuli mizito karibu na nyonga, na mguu wake wa chini huwa mwembamba na mwepesi, hata aweza kuurusha mbele upesi upesi. Ndiyo alama ya mnyama mwenda mbio.

Kwa Elafrosau, mfupa wa paja ulipita kidogo sentimita 50, na mfupa wa muundi ulifika kiasi cha sentimita 60. Mifupa ya wayo nayo ilikuwa mirefu. Kiwiliwili chake kilikuwa kirefu na chembamba, na kifua chake hakikuwa na kina. Kwa kukadiria, uzito wake ulikuwa kama kilo 200, na hizo ni chache kwa mnyama wa mita 6. Kwa hiyo neno la wepesi lililo katika jina lake ni la haki. Katika wanyama wote wa Tendaguru wanaojulikana, wachache sana wangeweza kumfukuza wakamkamata.

KICHWA KILICHOKISIWA

Lakini mnyama huyo alikula nini? Hapo ndipo shahidi wa maana alipokosekana. Meno ndiyo yanayoeleza chakula. Jino la mla nyama huwa kali na limepinda kama jambia, mara nyingi lina chembe chembe za msumeno pembeni. Jino la mla majani huwa la kukata au la kusaga. Elafrosau hakuacha jino hata moja linalojulikana kwa hakika kuwa ni lake.

Wataalamu wa zamani walitumia njia ya ukoo. Walisema: mnyama huyu alitembea kwa miguu miwili, mifupa yake ina uwazi ndani, na umbo lake ni la kundi la walao nyama, basi naye alikula nyama. Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Mtu akiona nyayo za paka asiyemjua, hadhani kwamba paka huyo hula majani. Wengine, walipoona miguu ile myepesi, walimweka katika ukoo wa dinosau wafananao na mbuni, na rai hiyo ikafuatwa na wengi kwa miaka mingi. Basi alipotengenezewa kichwa, alitengenezewa kwa kufuata rai za wakati ule, na watazamaji wakakizoea.

Mwaka 2016 wataalamu wawili, Oliver Rauhut wa Ujerumani na Matthew Carrano wa Marekani, walitoa matokeo ya uchunguzi mpya. Hawakuchimba mahali popote. Waliichukua mifupa ile ile iliyobebwa na wapagazi wa Lindi, wakaitazama upya pingili kwa pingili, wakailinganisha na dinosau waliovumbuliwa katika nchi nyingine baada ya siku za Janensch. Waliona mambo mawili. Kwanza, Elafrosau hakuwa wa ukoo wa wafananao na mbuni, bali wa ukoo mwingine wa kale zaidi. Pili, shingo yake ilikuwa ya ajabu kwa mla nyama.

Mla nyama mkubwa hutumia shingo yake kama mtu atumiavyo mkono. Akiisha kuuma, huivuta nyama, huitikisa, huipasua. Kazi hiyo yataka shingo nene, yenye pingili imara na nafasi kubwa ya kushikamana misuli. Shingo ya Elafrosau ilikuwa ndefu na dhaifu, na viungo vyake vilikuwa vyembamba. Shingo ya namna hiyo isingeweza kubeba kichwa kizito, wala kushindana na windo kubwa. Kama alikula nyama, basi yamkini aliokota wanyama wadogo, kama ndege korongo aokotavyo vyura. Tena iko njia nyingine, nayo ni kwamba huenda alikula majani.

MWENZIWE WA CHINA

Njia hiyo ya pili ilipata nguvu kwa habari zilizotoka mbali. Katika jimbo la Xinjiang, magharibi ya China, ilifukuliwa mifupa ya dinosau wadogo waliozama katika matope miaka kama milioni 160 iliyopita. Mwaka 2009 mnyama huyo alipewa jina la Limusau, maana yake mjusi wa matope. Urefu wake haukufika mita 2. Yeye na Elafrosau ni wa ukoo mmoja wa karibu, naye Limusau hakukosa kichwa.

Kwa bahati njema walipatikana wengi, wa umri mbalimbali. Wataalamu walipowapanga kwa umri, tangu watoto wa chini ya mwaka mmoja hata wakubwa wa miaka kama 10, waliona jambo ambalo halikupata kuonekana kwa dinosau mwingine yeyote. Watoto walikuwa na meno. Walipokua meno yaling'oka moja moja, wala hayakuota mengine, hata mkubwa akabaki na mdomo mtupu kama wa ndege. Tena katika matumbo ya wakubwa yalikutwa mawe madogo, kama changarawe zilizomo katika firigisi ya kuku, ambazo kazi yake ni kusaga chakula kigumu. Kwa hiyo yaelekea sana kwamba Limusau, hata kama alianza maisha kwa kula wadudu na wanyama wadogo, aliyamaliza kwa kula mimea. Habari hizo za meno zilitolewa mwaka 2016, mwaka ule ule wa uchunguzi wa shingo ya Elafrosau.

Je, Elafrosau naye alikuwa vivyo hivyo? Hapa msomaji apaswa kwenda pole. Ndugu wawili waweza kufanana uso na kuachana tabia. Hali ya Limusau ni kiashirio, si hukumu. Mtu asemaye leo kwamba Elafrosau hakika alikula majani atakuwa amefanya kosa lile lile la wale waliosema kwamba hakika alikula nyama.

KUPAMBANUA YALIYO HAKIKA NA YALIYOKISIWA

Habari za Elafrosau zafaa kugawanywa mafungu matatu. Fungu la kwanza ni yale yaliyo hakika: urefu wa mifupa yake, wepesi wa miguu yake, umbo la shingo yake, na tabaka la ardhi alimopatikana. Yeyote mwenye kipimo aweza kuyahakikisha. Fungu la pili ni yale yanayofuata kwa hoja nzuri: kwamba alikuwa mwenda mbio, na kwamba hakupigana na windo kubwa. Fungu la tatu ni yale yaliyokisiwa: sura yake, mdomo wake na chakula chake. Kosa la miaka mingi halikuwa kukisia, kwa kuwa bila kukisia hakuna uchunguzi unaoanza. Kosa lilikuwa kuliacha fungu la tatu likae muda mrefu hata likasomwa kama la kwanza. Kichwa kilichotengenezwa, kikitazamwa kila siku na maelfu ya watu, huwa kama kichwa cha kweli.

Liko na jambo jingine lililochukua muda mrefu kusahihishwa. Jina la tajiri aliyetoa fedha liliwekwa katika jina la mnyama mwaka 1920, bali majina ya waliochimba yalibaki katika madaftari. Mwaka 2019 wataalamu walipompa jina jipya dinosau mwingine wa Tendaguru, mla majani mwenye mkia mkubwa, walimwita Wamweracaudia keranjei. Sehemu ya kwanza yataja Wamwera, wenyeji wa nchi ile. Sehemu ya pili ni kumbukumbu ya Mohammadi Keranje, mmoja wa wasimamizi wa kuchimba. Kwa elimu ya viumbe, jina likiisha kuandikwa halifutiki. Miaka zaidi ya 100 ilipita kabla ya deni hilo kulipwa, nalo limelipwa kwa sehemu tu.

Kilima cha Tendaguru, ambacho jina lake kwa lugha ya Kimwera lasemwa kuwa na maana ya mlima wenye mteremko mkali, kingali mahali pake. Ardhi yake haikuchimbwa yote. Mvua za kila mwaka huosha udongo na kutokeza vipande ambavyo havijaonwa na jicho la mtu. Labda katika kipande kimojawapo limo taya la Elafrosau, lenye meno au lisilo na meno, na siku litakapookotwa na mtu mwenye macho kama ya Boheti bin Amrani, maneno mengi yatafupishwa. Mpaka siku hiyo, jibu la kweli kwa mtu aulizaye chakula cha mnyama huyu ni fupi: kichwa chake bado kinatafutwa.

MASWALI KWA WASOMAJI

1. Dinosau na kenge wametofautiana namna gani kwa jinsi miguu yao ilivyokaa?

2. Kwa alama zipi za mifupa yasemwa kwamba Elafrosau alikuwa mwenda mbio? Pima mguu wako, kisha ulinganishe.

3. Kwa nini tabaka zenye makombe ya baharini ni ushahidi kwamba Tendaguru ilikuwa pwani?

4. Wataalamu wa mwaka 2016 hawakuchimba mifupa mipya. Basi walipataje habari mpya?

5. Taja jambo moja ambalo watu wa mahali pako hulisema kuwa ni hakika, nawe ulichunguze: je, ni la fungu la kwanza, la pili au la tatu?